Ua la Pareto Katika Mashamba Madogo ya Kisii na Nyamira

(Maneno ya mazungumzo kwa wakulima na watunzaji wa bustani za nyumbani)

Yapo maua yanayopandwa mbele ya nyumba kwa ajili ya kupendeza macho tu, na mwenye nyumba huyamwagilia maji jioni bila kutazamia kupata hata senti moja. Hilo ni jambo jema, wala halina haja ya kutetewa. Lakini katika vilima vya Kisii na Nyamira liko ua jingine, jeupe pembeni na la manjano katikati, ambalo mgeni akiliona kwa mbali hudhani kuwa ni pambo la bustani kama mengine. Ua hilo ni pareto. Kwa muda wa miaka mingi lilisaidia kulipa karo za shule, likaezeka nyumba kwa mabati, likanunua ng'ombe wa maziwa. Kisha likawavunja moyo watu wale wale waliolipanda, hata wengi wakaling'oa na kupanda chai, mikaratusi na majani ya ng'ombe mahali pake. Sasa wako wanaouliza kama yafaa kulirudia. Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa neno moja, kwa kuwa shamba la pareto lina mambo mawili: kazi ya udongo na kazi ya soko, na mkulima aliye hodari katika la kwanza aweza kuangushwa na la pili.

Pareto si mmea wa asili ya Afrika. Kwao ni Dalmatia, katika pwani ya bahari ya Adriatiki, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika Kroatia. Ni wa ukoo mmoja na alizeti, ingawa alizeti ni jitu na pareto hupata kimo cha kama goti au zaidi kidogo. Watu wa huko waligundua zamani kwamba maua yake yakikaushwa na kusagwa, unga wake huwaangusha viroboto, kunguni na chawa. Biashara ya unga huo ikaenea Ulaya. Kutoka huko mbegu zilifika Japani, na huko ndiko alikokuwa Ueyama Eiichiro, mtu aliyetengeneza udi wa kufukuzia mbu katika miaka ya 1890. Ule uliozungushwa kama konokono, unaojulikana leo katika kila duka la Afrika Mashariki, ulianza kuuzwa mwaka 1902. Kabla ya vita vikuu vya pili Japani ndiyo iliyoongoza ulimwengu kwa kilimo cha pareto.

Kenya iliupata mmea huu mwaka 1928, ulipoletwa na mlowezi Gilbert Walker. Ulistawi mno katika nyanda za juu zenye baridi, na vita vilipoifunga njia ya bidhaa za Japani, pareto ya Kenya ikawa ndiyo tegemeo la majeshi yaliyopigana katika nchi zenye malaria. Lakini wakati ule faida hiyo haikuwa ya Waafrika. Mazao ya kuuza nchi za nje yalikuwa yamewekewa mipaka, na mashamba ya pareto yalikuwa ya walowezi katika sehemu za Molo, Njoro na Kinangop. Mlango ulifunguliwa kwa upana baada ya mpango wa kilimo wa mwaka 1954, ulioandikwa na Bwana Swynnerton wa Idara ya Kilimo, ambao uliwaruhusu wakulima wa Kiafrika kupanda kahawa, chai na pareto kwa wingi. Kisii hawakuwa wageni wa mambo haya, kwani tangu miaka ya 1930 walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya walioruhusiwa kujaribu kahawa. Pareto ilipofika vilimani, iliwafaa kuliko mazao mengi, nayo sehemu hiyo ikawa miongoni mwa zilizotoa pareto nyingi kutoka mashamba madogo.

Sababu ya kuwafaa ni rahisi kuieleza. Mti wa kahawa humngojesha mkulima miaka kama mitatu kabla ya kumpa chochote, lakini pareto hutoa maua ya kwanza miezi mitatu au minne baada ya kuhamishwa kitaluni. Tena haihitaji kiwanda karibu kama chai, ambayo jani lake lapaswa kufika mashineni siku ile ile. Mwenye robo eka na anga lenye jua aweza kuchuma, kukausha na kuweka mpaka siku ya soko. Katika nchi ambayo watu wamesongamana, jambo hilo si dogo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na ya Nyamira watu 605,576, na mashamba yaliyogawanywa baina ya ndugu kizazi baada ya kizazi yamekuwa vipande vyembamba vinavyoshuka kutoka barabarani mpaka mtoni. Zao litakalopandwa hapo halina budi kulipa kwa kila hatua ya ardhi linayoikalia.

Hata hivyo si kila sehemu ya Kisii inayofaa. Pareto yapenda mahali palipoinuka, mita 1,800 juu ya bahari na zaidi, kwa kuwa mmea huu hauanzi kufanya vichwa vya maua mpaka upate baridi kwa majuma kadhaa. Ukipandwa mahali pa joto hunawiri, hujaa majani mazuri ya kijani-kijivu, na mwenye shamba hufurahi bure. Maua hayaji, au huja machache. Kwa hiyo sehemu za juu za Masaba na Nyamache, vilima vya Kiabonyoru na nchi ya Borabu kuelekea Sotik, ndizo zilizo na bahati. Mtu wa bonde la chini, kunakopandwa miwa na ndizi, asipoteze fedha zake kwa kuwaonea wivu wa vilimani.

Kuna jambo la pili linalopasa kutazamwa kabla ya kushika jembe, nalo ni maji. Kisii hupata mvua nyingi sana, na pareto haipendi kusimama ndani ya maji hata kidogo. Mizizi yake huoza. Ndiyo maana ardhi ya mteremko yenye udongo mwekundu unaopitisha maji hufaa kuliko bonde tambarare, na ndiyo maana wakulima wa zamani waliipanda juu ya matuta. Matuta hayo yapaswa kukingama na mteremko, yasishuke pamoja nao. Yakielekezwa chini ya mlima huwa mifereji, na mvua moja ya Aprili yatosha kuupeleka udongo wa juu kwa jirani, na kutoka kwa jirani mpaka mto Gucha.

Juu ya upanzi wenyewe, wako wanaopanda kwa mbegu na wako wanaogawanya mashina ya zamani. Njia zote mbili ni halali, lakini hazina matokeo sawa. Ua la pareto halijipi mbegu lenyewe. Hutaka chavua ya mmea mwingine, na kwa sababu hiyo mtoto hafanani na mama yake. Mkulima akiokota mbegu katika shamba lake na kuzipanda, atapata mimea ya kila namna, mingine mizuri, mingine hafifu, na dawa iliyomo katika maua yake itakuwa kidogo katika huu na nyingi katika ule. Lakini mtu akichimbua shina zuri lililokwisha kukomaa, akaligawanya katika vipande kadhaa, kila kipande na mizizi yake, basi kila kipande kitakuwa kama shina lile lile. Watafiti wa kituo cha Molo walitumia njia hiyo kwa miaka mingi ili kueneza mimea iliyochaguliwa. Mwenye kununua miche, basi, aulize imetoka wapi na ni ya aina gani, wala asitosheke na maneno ya mwuzaji kwamba ni pareto nzuri.

Lakini njia ya kugawanya mashina ina hatari yake. Wamo katika udongo minyoo midogo mno isiyoonekana kwa macho, ambayo huingia katika mizizi na kuifanya vinundu-vinundu kama shanga. Shina lenye ugonjwa huo likigawanywa vipande kumi, mkulima amejipandia ugonjwa mahali kumi. Kwa hiyo kila shina likichimbuliwa, lioshwe mizizi na kutazamwa. Lenye vinundu litupwe motoni bila kuhurumiwa. Na shamba lililokwisha kuchoshwa na minyoo hiyo lipumzishwe pareto, lipandwe mahindi au wimbi kwa misimu kadhaa, kwani minyoo hiyo haipati chakula katika mizizi ya nafaka. Wimbi umepungua katika vilima hivi, jambo la kusikitisha kwa wapenda ugali mweusi. Hapa basi ni sababu moja ya kuurudisha.

Nafasi inayotumika ni futi 2 baina ya mistari na futi 1 baina ya mimea. Kwa kipimo hicho eka nzima huchukua mimea kama 21,800, na robo eka kama 5,400. Hesabu hii yafaa kufanywa mapema, kwa sababu wako wanaonunua miche mia chache, wakaitawanya katika shamba kubwa, kisha magugu yakaimeza. Samadi iliyooza vizuri na mbolea ya fosfeti katika shimo la kupandia huusaidia mmea kushika mizizi. Mbolea za kukuzia majani, ambazo mkulima wa chai huzipenda, hazina faida kubwa hapa: huleta majani kuliko maua, na hakuna anunuaye majani ya pareto. Palizi lazima ifanywe kwa mkono mwepesi, maana mizizi haiendi chini sana, na jembe likipita karibu mno hufanya madhara zaidi ya magugu yenyewe. Shamba likitunzwa hivyo hudumu kwa miaka mitatu hivi likitoa mazao ya kutosha, kisha mashina huzeeka na yapasa kupandwa upya.

Sasa ifikiriwe kazi ya kuchuma, ambayo ndiyo yenye kuamua fedha. Dawa ya pareto, inayoitwa pairetrini, haikai katika majani wala katika bua, na katika zile petali nyeupe ni kidogo sana. Karibu yote imo katika vimbegu vilivyofichwa ndani ya kichwa cha manjano. Hicho kichwa cha manjano kwa kweli si ua moja, bali ni vijiua vidogo vidogo vingi vilivyopangwa duara ndani ya duara, navyo hufunguka kuanzia pembeni kuelekea katikati. Wakati wa kuchuma ni pale ambapo petali nyeupe zimenyooka sawasawa kama sahani, na duara mbili au tatu za vijiua vya pembeni zimekwisha kufunguka. Ua lililo bado tumba ni jepesi na dawa yake haijatimia. Ua lililopitiliza, lenye petali zilizoinama na kichwa cha rangi ya udongo, limeanza kupoteza. Mchumaji aliyezoea hatumii muda kuhesabu duara. Jicho lake hujua. Anayejifunza ahesabu mpaka jicho lizoee.

Kichwa hushikwa baina ya kidole gumba na vidole viwili, kikavunjwa shingoni, bila kuacha kipande cha bua. Bua huongeza uzito katika mizani ya nyumbani na kupunguza bei katika mizani ya mnunuzi, kwa kuwa anayelipa kwa kiasi cha dawa hadanganywi na vijiti. Maua yatiwe katika kikapu chenye matundu, yasishindiliwe, wala yasitiwe katika mfuko wa plastiki hata kwa saa moja, maana huanza kupata joto na kuchacha. Maua yenye umande au mvua yasichumwe. Yangojewe mpaka yakauke shambani. Baada ya majuma mawili au matatu mchumaji hurudi mstari ule ule, na hivyo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Asiyerudi kwa wakati hupata hasara mara mbili, kwani maua yaliyozeeka juu ya shina huuzuia mmea kutoa mengine.

Ni kazi ya subira na mgongo ulioinama, na katika Kisii na Nyamira kwa kawaida imewaangukia akina mama na watoto. Hapa lazima lisemwe jambo ambalo wanaume wengi hawapendi kulisikia. Kwa miaka mingi jina lililoandikwa katika daftari la chama cha ushirika lilikuwa la mwenye ardhi, yaani mume, na malipo yalikwenda penye jina. Mama alichuma, akaanika, akabeba gunia mpaka kituoni; fedha zikaonekana baadaye, pengine zote, pengine zikiwa zimepungua njiani. Nyumba zilizopatana ziliendelea vizuri. Katika nyumba ambazo hazikupatana, mama aliichuma pareto siku ambazo hakuwa na kazi nyingine, na akaitia nguvu yake katika chinsaga, rinagu na mboga nyingine ambazo fedha zake alizipokea kwa mkono wake mwenyewe sokoni Keroka au Nyamira. Wasimamizi wa kilimo walipoona maua yamepitiliza shambani walisema watu ni wavivu. Huenda walitazama shamba bila kutazama daftari. Anayetaka pareto istawi nyumbani kwake aanze kwa kukata shauri, kabla ya mche wa kwanza kupandwa, jina la nani litaandikwa na fedha zitagawanywaje.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi katika nchi hii ya mvua. Asubuhi ya Kisii huwa angavu, lakini mara nyingi alasiri mawingu hukusanyika na mvua hunyesha kwa kishindo, nyakati nyingine pamoja na mvua ya mawe. Maua yaliyoanikwa saa tatu asubuhi yakanyeshewa saa tisa huwa meusi, na yaliyokuwa meusi hayarudi kuwa meupe. Njia nzuri ni kuwa na chekecheke pana za wavu au za matete zilizoinuliwa juu ya miguu ya miti, ili hewa ipite chini na juu, na mtu mmoja au wawili waweze kuzibeba upesi kuzipeleka chini ya paa. Maua yatandazwe tabaka jembamba, yageuzwe mara kwa mara. Kuyaanika juu ya ardhi tupu huyachanganya na vumbi na mavi ya kuku. Kilo nne au tano za maua mabichi hutoa kilo moja ya makavu, na anayeanza kazi hii asishtuke akiona gunia lake limegeuka kuwa mfuko.

Kuna namna rahisi ya kujua kama ua limekauka: kichwa kikibanwa baina ya vidole huvunjika na kuwa unga, na katikati hakuna unyevu. Kikiwa laini kama pamba, bado. Mwenye haraka ya kuuza hutia maua yenye unyevu katika gunia, na gunia hilo likikaa siku chache huota ukungu ndani. Jua kali nalo si rafiki wa daima, maana pairetrini huharibiwa na mwanga. Maua yakikwisha kukauka yaondolewe juani, yawekwe mahali pakavu penye giza, nayo yauzwe mapema, kwani nguvu ya dawa hupungua kadiri miezi inavyopita.

Huo ndio upande wa shamba. Upande wa soko una historia yenye uchungu. Baada ya vita, dawa ya DDT, iliyokuwa rahisi kwa bei, iliipunguzia pareto heshima. Kisha watu wakaanza kuona madhara ya DDT kwa ndege na samaki. Kitabu cha bibi mmoja wa Marekani, Rachel Carson, kilichotoka mwaka 1962, kiliamsha watu wengi, na mwaka 1972 Marekani ikaikataza katika kilimo. Pareto ikapata nafasi tena. Lakini mwaka uliofuata, 1973, wataalamu wa kituo cha Rothamsted katika Uingereza walitengeneza permethrini, dawa inayoiga pairetrini ya ua lakini haiharibiwi upesi na jua. Dawa hiyo na ndugu zake ndizo zinazotiwa katika vyandarua vingi vya mbu leo. Tangu hapo ua la shambani limekuwa likishindana na kiwanda.

Kenya ilivumilia mashindano hayo kwa muda mrefu, ikitoa sehemu kubwa ya pareto ya ulimwengu wote. Kilichoiangusha hakikuwa kiwanda cha Uingereza peke yake. Ununuzi wote ulikuwa mikononi mwa bodi moja ya Serikali iliyokuwa na makao yake Nakuru, na bodi hiyo ilipoingia katika madeni na usimamizi mbaya, mkulima hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Malipo yalichelewa miezi, na baadaye miaka. Mtu aliyepeleka maua mwanzoni mwa karne hii alikuwa na stakabadhi mkononi, lakini mwalimu mkuu hakuipokea stakabadhi hiyo kuwa karo. Wakulima wa Kisii na Nyamira walifanya kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Waling'oa. Wakati huo huo kisiwa cha Tasmania, katika Australia, ambako pareto huvunwa kwa mashine, kilichukua mahali pa Kenya katika soko la ulimwengu, na majirani wa Rwanda na Tanzania waliendelea na kilimo chao.

Mwaka 2013 ilipitishwa sheria mpya iliyoondoa ule ununuzi wa mkono mmoja, na makampuni ya watu binafsi yakaruhusiwa kununua na kusindika. Serikali za kaunti nazo zilianza kugawa miche kwa wakulima. Hayo ni mabadiliko ya kweli, wala si haki kuyabeza. Lakini mche wa bure si mkataba, na mkulima aliyeungua mara moja ana haki ya kuuliza maneno kabla ya kuchimba shimo. Aulize nani atakayenunua, na kituo cha kupokelea kitakuwa wapi. Aulize kama bei ni kwa uzito peke yake au kwa kiasi cha dawa, na kama ni kwa dawa, nani atakayepima na mkulima ataonyeshwaje kipimo. Maua ya Kenya kwa kawaida yamekuwa na pairetrini zaidi kidogo ya moja katika mia, na mashina yaliyochaguliwa hufikia mbili. Tofauti hiyo yaweza kumpa jirani mmoja karibu mara mbili ya mwenziwe kwa kilo ile ile. Ndiyo sababu maua ya mtu makini yasichanganywe na ya mtu mzembe kabla ya kupimwa. Gunia likichanganywa, wote hulipwa kwa wastani, na yule makini hujifunza upesi kwamba bidii yake inamlisha mwingine.

Zaidi ya yote aulize siku ya malipo, na jibu liandikwe. Yafaa kikundi cha majirani kiweke mizani yake na daftari lake, kila mtu apime nyumbani na apime tena kituoni, na stakabadhi zihifadhiwe mahali pasipofikiwa na panya wala mvua.

Mtu mwenye busara hatang'oa chai yake inayomlipa kila mwezi ili aifuate pareto. Lakini kiko kipande cha juu, chenye baridi, kilichoachiwa mikaratusi inayokausha chemchemi. Pareto katika kipande hicho haitamnyang'anya mtu chakula. Wengine wataanza na matuta machache nyuma ya nyumba, mimea 200 au 300, wajifunze kuchuma na kukausha kabla ya kujifunga kwa mnunuzi yeyote. Mazao ya bustani ndogo kama hiyo hayapotei hata soko likikosekana. Maua makavu yakitwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa hutoa unga wa manjano unaonyunyizwa katika viota vya kuku wanaosumbuliwa na viroboto, katika mianya ya vitanda na mahali wanapolala mbwa. Mdudu huguswa mishipa yake ya fahamu na kuanguka, lakini mwili wa mtu au ng'ombe huivunja dawa hiyo upesi ukiipata kidogo. Hata makapi yanayobaki kiwandani baada ya dawa kutolewa yamekuwa yakilishwa mifugo.

Hapana budi kutaja tahadhari. Wako watu ambao ngozi yao hukataa pareto. Mikono huwasha na kutoka vipele baada ya kuchuma. Mtu wa namna hiyo apewe kazi nyingine, wala asiambiwe kuwa anajifanya. Anayetwanga unga afunge kitambaa puani na kukaa upande upepo unakotoka. Unga huo usinyunyizwe karibu na mizinga, kwa kuwa nyuki hufa kama wadudu wengine, na usioshewe penye mabwawa ya samaki, ambayo yamekuwa mengi Kisii tangu mwaka 2009. Samaki huumizwa nao haraka kuliko kiumbe chochote cha nyumbani.

Mwisho wa mwaka, kiangazi kifupi cha Januari kinapoingia, mabua makavu yote hukatwa karibu na majani ya chini kwa mundu, na takataka zake huondolewa shambani pamoja na magonjwa yaliyomo. Shamba huonekana kama limeharibiwa. Mvua za Machi zikinyesha, mashina huchipua tena, na kabla ya watoto kufunga shule mwezi wa Aprili huwa limejaa majani. Maua ya kwanza ya msimu hufuata baada ya baridi ya katikati ya mwaka kuanza kushuka vilimani.